Katikati ya Bibi na Mimi Kuna Dole Gumba

Fomu yangu ya Bodi ya Mikopo ina dole gumba la mama yangu. Wengi wenu mnaikumbuka ile safari: serikali ya mtaa kupigiwa muhuri, kisha kwa hakimu au wakili, kisha stationery kuskani kurasa na kuziomba Mungu zipande. Kwenye sehemu ya mdhamini mama alisogezewa pedi ya wino, akabonyeza, akafuta kidole kwenye khanga, akaniuliza jambo moja tu: "Tumemaliza?" Nikasema tumemaliza. Hakuuliza pale pameandikwa nini, na mimi sikumwambia. Nilikuwa na haraka.

Naandika haya nikiwa mwaka wa tatu, na sijaandika ili mtu amwonee mama huruma. Mama anauza samaki wa kukaanga Mbagala, na hesabu zake za kichwani zingewasumbua baadhi ya wenzangu wanaobeba kikokotoo kwenye begi. Anajua nani anadaiwa kibua wawili tangu Jumanne. Alichokuwa hana ni herufi. Na kuhusu herufi nina ugomvi na jinsi tunavyoizungumzia elimu ya watu wazima hapa chuoni, kama kwamba ni historia, kitu cha enzi za Mwalimu ambacho kiliisha vizuri.

Hakikuisha vizuri. Nina ushahidi nyumbani kwetu.

Bibi yangu mzaa mama alijua kusoma. Alijifunzia kijijini, Rufiji, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Madarasa yalikuwa ya jioni, kwenye madawati ya watoto ambayo anasema yalimbana magoti. Huo ulikuwa ule moto ambao Mwalimu Nyerere aliuwasha alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika watu wazima watatu, wawili hawajui kusoma wala kuandika. Walimu wengi hawakuwa walimu. Walikuwa watu waliomaliza darasa la saba na wakakubali kufundisha wenzao kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Vitabu vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji. Kiliitwa kisomo chenye manufaa, na jina lilikuwa sahihi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 wakakaa kwenye vikundi kusikiliza, kusoma na kisha kwenda kuchimba vyoo. Bibi alichimba. Choo chake kilikuwa mada ya mazungumzo hadi anazeeka.

Agosti 1975 nchi nzima ikafanya mtihani. Bibi akafaulu hatua ya tatu, akapewa cheti, akakitundika. Kitaifa wasiojua kusoma wakawa wameshuka hadi asilimia 39, na kufikia 1986 tukajitangazia kwamba wamebaki asilimia 9.6 tu. Ni moja ya mambo makubwa ambayo nchi maskini iliwahi kuyafanya kwa mikono yake, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Sasa angalia mwaka huo huo wa 1986 mama alikuwa wapi. Alikuwa na miaka kumi, yuko Temeke, ana mtoto wa watu mgongoni. Shangazi yake alikuwa amemchukua kijijini aje Dar kumsaidia kulea, kwa ahadi kwamba shule ataanza "mambo yakikaa sawa". Ile miaka mambo hayakukaa sawa kwa mtu yeyote. Sukari ilikuwa ya foleni, mshahara haufiki katikati ya mwezi, na mtoto wa kike wa ndugu ndiye mtu wa mwisho kununuliwa daftari. Hakuwa mtu mzima, kwa hiyo kwenye ile asilimia 9.6 hayumo. Na hakuwa shuleni, kwa hiyo hata huko hayumo. Alipokuja kuwa mtu mzima, madarasa yalikuwa yamefungwa. Sensa ya 2012 ilipofanyika, wanaojua kusoma na kuandika kuanzia miaka 15 walikuwa karibu asilimia 78. Najua vipimo havilingani, wenzangu wa takwimu msinipigie kelele. Lakini hata ukipunguza unavyotaka, kuna watu walioanguka katikati, na mmoja wao ndiye aliyenizaa. Bibi anasoma, mimi nasoma, katikati yetu kuna dole gumba.

Hilo ndilo kosa ninalolisema. Tuliifanya kazi ya kudumu kama mbio za mita mia. Tulifika kwenye utepe, tukashangilia, tukarudi nyumbani. Walimu wa kujitolea wakakosa hata ile posho, maktaba za vijiji zikabaki na rafu, magazeti kama Elimu Haina Mwisho yaliyoandikwa kwa ajili ya waliojifunza juzi yakapotea mikononi mwao. Hata bibi mwenyewe kusoma kulimpungua. Uzeeni alikuwa anashika karatasi mbali na macho, anaanza neno, analiacha njiani. Alisema ni miwani. Haikuwa miwani peke yake. Miaka ishirini hakuwa na kitu cha kusoma.

Kuna mtu atasema: basi yameshapita, hao ni wa kizazi kinachoondoka, hela kidogo tuliyonayo iende kwa watoto. Nimesikia hoja hii kwenye semina, imesemwa kwa Kiingereza kizuri. Mama yangu hajafika miaka hamsini. Ana miaka mingi ya kusaini mikataba bado.

Na mikataba ipo. Njoo Mbagala, njoo Charambe, njoo Tandale na Manzese kama kwako Kinondoni na Ubungo ni karibu zaidi, uulize habari za kausha damu. Jirani yetu, mama mjane wa makamo, alichukua laki tatu. Aliambiwa kwa mdomo kwamba atarejesha elfu kumi na tatu kila siku kwa siku thelathini. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe papo hapo, akajua atalipa laki tatu na tisini, akakubali kwa sababu mtoto alikuwa na shida hospitali. Akabonyeza dole. Siku ya kumi na tisa mvua ilinyesha, hakuuza, akachelewa. Wiki iliyofuata walikuja vijana na bajaji ya mizigo wakabeba friji na cherehani. Jioni yake aliniita nimsomee karatasi. Ilikuwa kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na faini ya elfu tano kwa kila siku ya kuchelewa, na chini yake orodha ya vitu alivyoweka rehani. Friji ilitajwa hadi rangi. Cherehani ilitajwa. Dole lake lilikuwa pale pale chini, limekaa vizuri kabisa, mistari yote inaonekana.

Rafiki yangu anayesoma uchumi aliniambia hata angesoma angechukua tu, kwa sababu mtoto alikuwa hospitali. Kweli. Kusoma hakukuongezei hela, na anayekuuzia elimu ya watu wazima kama dawa ya umaskini anakudanganya. Lakini yule mama aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Ningejua cherehani imo, ningewaambia waandike kabati." Cherehani ndiyo ilikuwa inamlisha. Kati ya kubebewa kabati na kubebewa cherehani kuna maisha ya mtu, na tofauti hiyo ilikuwa mstari mmoja wa maandishi.

Nikaanza kuhesabu ni mara ngapi kwa siku mtu asiyesoma anaazima macho ya mwingine. Dozi kwenye bahasha ya dawa. Kadi ya kliniki. Tokeni za LUKU. Meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii", ambayo msomaji anaifuta huku anacheka, na asiyesoma anampelekea kijana wa dukani aulize kama kweli kuna mtu anadaiwa. Kutoa hela kwenye simu ndiyo kichekesho chenyewe: namba inaitwa ya siri, na inajulikana na mimi, mdogo wangu, na kwa kipindi fulani muuza genge. Wapo wanaosema siku hizi watu wanatumiana sauti, nani ana shida ya kuandika? Sawa, ila mkopeshaji hajawahi kumtumia mtu mkataba kwa sauti.

Na anayeazimisha macho anakuwa na nguvu. Hili nalijua kwa sababu niliitumia. Nikiwa kidato cha tatu nilipewa barua ya kumpelekea mzazi. Ilisema afike shuleni bila kukosa kwa sababu mwanawe amekuwa mtoro na amekutwa akicheza kamari nyuma ya choo. Nilimsomea mama nimesimama wima, kwa sauti ya mtangazaji. Nilisoma kwamba wazazi wanashukuriwa kwa ushirikiano na wanaombwa kuendelea kuwahimiza vijana. Mama akafurahi. Akaikunja akaiweka kwenye sanduku, pamoja na kadi zetu za kliniki, risiti za miaka kumi, na makaratasi ya matangazo ya waganga. Mtu asiyejua kusoma hatupi karatasi. Hajui ipi ina maana.

Darasa la kwanza mama alilojiunga lilikuwa la jioni, kwenye shule moja ya msingi isiyo mbali na kwetu. Lilidumu miezi minne. Mwalimu alihamishwa, aliyekuja badala yake hakulipwa, akaacha, na watu wakaacha kwenda bila mtu kutangaza kwamba limefungwa. Serikali haijalala kabisa, tuwe wakweli: kuna MEMKWA kwa watoto waliokosa, kuna mipango ya vijana walio nje ya shule, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawarudisha wengi kwenye sekondari, wakiwemo mabinti waliokatiza masomo kwa ujauzito. Mazuri yote. Lakini mwanamke wa miaka arobaini na tano anayetaka tu kusoma karatasi aliyoshikishwa anapita katikati ya mipango hiyo kama maji kwenye chekecheke.

Kilichotokea baadaye kilianza kwenye kikoba. Wanawake ishirini na wawili, hisa kila Jumamosi, na katibu mmoja tu anayeandika. Walikuwa wamesikia habari za ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ili kuomba kunatakiwa katiba ya kikundi, usajili, mihtasari ya vikao. Wanachama ishirini na mmoja walikuwa wanasubiri katibu apate nafasi. Mama akajitolea kwa niaba yangu, bila kuniuliza: "Mwanangu yupo chuo kikuu, atakuja kutufundisha." Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza. Nilitaka kulala Jumamosi kama watu wengine.

Nilikwenda na kitabu cha darasa la kwanza. Ba be bi bo bu. Baada ya wiki mbili mama mmoja anayeuza mkaa akasema, kwa heshima zote, "Mwalimu, ya bata tumeyaelewa. Sasa hii je?" Akatoa simu. Ilikuwa meseji ya makato. Basi tukaanza na neno SALIO. Sa, li, o. Ukishakuwa na sa una samaki, una saa, una saini. Li ikatupa lipa, o ikatupa ona. Neno la pili lilikuwa TOZO, na darasa zima liliguna. Wenzangu wa Shule ya Elimu watasema hiyo ni Paulo Freire. Inawezekana. Mimi nilifundishwa na muuza mkaa.

Kiswahili nacho kina huruma, kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtu akishazikamata silabi, mlango umefunguka. Kazi inayobaki ni mazoezi, na mazoezi yanataka kitu cha kusoma. Tulisoma risiti za LUKU, vibandiko vya dawa, kadi za kliniki, matangazo ya serikali ya mtaa, na ule mkataba wa jirani, ambaye alikubali tuusome kwa sauti darasani, yeye mwenyewe akiwepo. Siku hiyo hatukumaliza mapema.

Kisha wakasoma daftari la kikoba. Hili sikulipanga. Wawili watatu walioanza kusoma namba zenye majina pembeni wakaomba kuliona. Katibu alikasirika. Alisema miaka sita amewaandikia bure, leo wamejua a e i o u wanataka kumkagua. Kikundi kilikaribia kuvunjika. Jumamosi mbili hakuna aliyeleta hisa. Mwisho daftari likafunguliwa na ikaonekana kuna elfu themanini na nne hazijakaa sawa. Hakuwa ameiba. Alikosea kujumlisha kwenye kurasa mbili, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kusoma, kosa likaishi humo. Alilia, akaombwa radhi, naye akaomba radhi. Sasa daftari linaandikwa na watu wawili kwa zamu. Kwenye mada zetu maendeleo ya jamii tunayapima kwa visima na barabara. Mimi nimeyaona yakitokea kwenye jamvi, pale mtu wa pili alipoweza kusoma daftari.

Mkopo wa halmashauri bado hawajaupata, maana najua mtauliza. Maombi yapo. Tofauti ni kwamba wanapokwenda kufuatilia wanakwenda wanne, na kila mmoja anajua kwenye karatasi pameandikwa nini.

Sasa nije kwetu Mlimani. Hapa ukisema Yombo watu wanafikiria vyumba vya mihadhara. Kwetu Temeke Yombo ni Vituka na Buza. Kati ya Yombo hizi mbili ni daladala mbili na foleni, na bado tunaishi kama kuna bahari katikati. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la Makerere, baadaye ikalelewa na chuo chetu hiki, mpaka sheria ya 1975 ilipoifanya ijitegemee. Yaani kazi hii iliwahi kuwa ya nyumba hii. Leo tunachokifanya ni kupanda basi mara moja kwa mwaka, fulana za rangi moja, bango mbele, kugawa sabuni, kupiga picha, kurudi kabla kafeteria haijafungwa. Samahani kwa vilabu vyetu, mimi mwenyewe nipo kwenye picha mbili.

Ninachopendekeza kwa serikali ya wanafunzi ni kidogo na kinachosha. Msianzishe madarasa. Tafuteni vikoba ambavyo tayari vinakutana, na kila kikoba kipate wanachuo wawili, wawili ili mmoja akiwa na UE mwingine aende. Saa mbili kila wiki kwa mwaka mzima. Nauli itoke kwenye mfuko unaolipia mabango. Hakuna fulana. Kitabu cha kusomea ni karatasi walizonazo nyumbani, na mkimaliza hizo waleteeni magazeti ya wiki iliyopita, maana hapa yanafungiwa maandazi. Anayeondoka kwa kuhitimu amkabidhi mwingine kabla hajavaa joho. Na hata darasa zima likishaweza kusoma, msiondoke. Kijijini kwa bibi waliondoka.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuidai. Lakini mwaka 1970 waliofundisha walikuwa darasa la saba. Sisi tuna nini zaidi yao cha kutuzuia?

Ile barua ya kidato cha tatu niliisahau. Mama hakuisahau. Mwaka jana, jioni moja umeme umekatika, alikuwa amemwaga sanduku lake lote kitandani, anazisoma karatasi moja moja kwa mwanga wa simu, hizi za kutupa, hizi za kubaki. Akaniita. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikitembea chini ya mstari: m-to-ro. Akanyamaza. Akasoma tena, safari hii bila kukata. Akafika kwenye kamari. Nilitafuta pa kuangalia. Akaniambia, "Kumbe mwaka ule walinishukuru kwa hili?" Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka, na hakunisemesha hadi kesho yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu naye kapata chuo. Fomu ya Bodi ikaja nyumbani, nikamwekea mama kalamu kwenye sehemu ya mdhamini, nikamwonyesha mstari. Akaisogeza kalamu pembeni. Akasema iache hapo, ataisoma. Ilimchukua jioni mbili. Jioni ya pili akaniuliza mdhamini maana yake nini hasa, nikamweleza.

"Kwa hiyo hapa najifunga na mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya kwako nilijifunga?"

"Ulijifunga."

Akaikunja fomu, akaiweka chini ya mto. Akasema nikalale, atasaini asubuhi.